LAINI YA NYUMBANI NA LAINI YA BIASHARA: TUNANUNUA KASI AU TUNANUNUA AHADI?

Hapana shaka kwamba intaneti imekwisha kuingia katika orodha ya mahitaji ya kila siku ya askari wetu na jamaa zao. Mtoto wa askari husomea humo, mke wa askari huuzia bidhaa zake humo, na askari aliyepelekwa kulinda amani Somalia huona nyuso za watu wake kwa njia hiyo hiyo. Mstaafu naye, akishapokea kiinua mgongo chake na kufungua duka la kupiga chapa hati na kutuma fedha kwa simu, huulizwa mapema sana na mchuuzi wa intaneti: "Mzee, tukuwekee laini ya nyumbani au laini ya biashara?"

Swali hilo ni fupi, lakini jibu lake laweza kula fedha nyingi. Laini ya biashara aghalabu huuzwa mara kadhaa ya bei ya laini ya nyumbani, hata pale ambapo kasi iliyoandikwa katika mikataba yote miwili ni ile ile. Wako watu wanaolipa bei hiyo kubwa kwa sababu tu ya uzito wa neno "biashara". Wako pia wanaoendesha ofisi ya watu 20 juu ya laini ya nyumbani, na siku inapokatika wote hukaa mikono mifukoni. Makundi haya mawili yametumia kipimo kisicho sahihi. Makala haya yanakusudia kueleza, kwa lugha nyepesi, mambo matatu ya kupimwa kabla ya kutoa fedha: kasi, uimara na gharama.

KASI ILIYOANDIKWA NA KASI IPATIKANAYO

Kwanza tufahamu kipimo chenyewe. Kasi ya intaneti huuzwa kwa megabiti kwa sekunde, lakini ukubwa wa picha, filamu na hati huhesabiwa kwa megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo laini ya megabiti 20 huleta megabaiti 2.5 tu kila sekunde, wala si 20. Faili la gigabaiti 1 litachukua dakika 6 na sekunde 40 kufika, ikiwa kila kitu kinakwenda sawasawa. Mtu asiyejua tofauti hii hudhani ameibiwa, kumbe amesoma kipimo kimoja badala ya kingine.

Pili, kuna kasi ya kupokea na kasi ya kutuma, na hizi hazilingani daima. Laini nyingi za nyumbani hupewa kasi kubwa ya kupokea na kasi ndogo ya kutuma, kwa kuwa watu wa nyumbani hutazama zaidi kuliko kupeleka. Faili lile lile la gigabaiti 1, likitumwa kwa kasi ya megabiti 2, litachukua zaidi ya saa nzima: saa 1, dakika 6 na sekunde 40. Kwa jamaa wanaotazama mpira jambo hili halina madhara. Kwa mpiga picha za harusi anayetuma kazi kwa wateja, au ofisi inayohifadhi nakala za kumbukumbu zake mbali kila usiku, kasi ya kutuma ndiyo roho ya kazi. Laini ya biashara ya daraja la juu kwa kawaida hutoa kasi sawa pande zote mbili.

Tatu, kuna muda wa ujumbe kufika. Kabla ya mwaka 2009 intaneti ya Uganda ilitegemea mno setilaiti zilizotundikwa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ishara ilipaswa kupanda na kushuka umbali wa zaidi ya kilomita 71,000, safari ya karibu robo ya sekunde. Na jibu lake nalo likasafiri vivyo hivyo. Ndiyo maana watu waliozungumza kwa njia hiyo walikuwa wakiingiliana maneno, kama watu wawili wenye redio ya mawasiliano waliosahau kusema "ova". Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri kwamba sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili ili mazungumzo yaende vizuri. Setilaiti za siku hizi zinazozunguka chini, kama kilomita 550 kutoka ardhini, zimepunguza sana tatizo hilo. Basi mwenye kuzungumza na jamaa yake aliye mbali asitazame megabiti peke yake. Aulize pia juu ya ucheleweshaji.

NANI MWINGINE YUMO BARABARANI?

Hapa ndipo tofauti ya kwanza kubwa ilipo. Laini ya nyumbani ni barabara ya watu wengi. Katika mfumo mmoja wa faiba unaotumika sana duniani, uitwao GPON, waya mmoja kutoka kwa kampuni hubeba karibu megabiti 2,488 za kupokea na megabiti 1,244 za kutuma, kisha hugawanywa kwa nyumba 32 au 64. Nyumba 64 zikitumia kwa nguvu kwa wakati mmoja, kila moja hupata takriban megabiti 39 za kupokea na 19 za kutuma. Kampuni haitendi hila kwa kufanya hivyo. Inajua kwamba watu wote hawatumii kwa dakika moja. Nchini Uingereza, katika enzi ya laini za shaba, jambo hili lilisemwa wazi: laini za kawaida za nyumbani ziliuzwa kwa hesabu ya wateja 50 kugawana nafasi moja, na za ofisi kwa hesabu ya wateja 20.

Ndiyo sababu matangazo ya laini za nyumbani hupenda neno "hadi". Ukiambiwa "hadi megabiti 30", umeahidiwa kwamba hutazidi 30. Hukuahidiwa kwamba utazipata. Saa 3 usiku, wakati mtaa mzima umefungua filamu, neno hilo ndipo linapoonyesha maana yake.

Hata hivyo, msomaji asikimbilie kudhani kwamba kila kinachoitwa laini ya biashara ni barabara ya mtu mmoja. Ziko laini za "biashara ndogo" zinazopita katika waya ule ule wa mtaa, zikatofautiana na za nyumbani kwa jina la mkataba, namba ya simu ya msaada na bei. Laini iliyotengwa kwa mteja mmoja, ambayo nafasi yake haigawanywi na mtu, ni bidhaa nyingine kabisa na bei yake ni nyingine. Kuuliza si ujinga: uliza kama laini ni ya kugawana au ni ya kutengwa, na jibu liandikwe.

UIMARA: AHADI NI DENI

Tofauti ya pili, nayo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya bei, ni ahadi. Mkataba wa nyumbani husema kampuni itajitahidi kadiri iwezekanavyo. Mkataba wa kweli wa biashara hutaja asilimia ya muda ambao laini itakuwa hai, muda wa fundi kufika, na fidia itakayolipwa ahadi ikivunjwa. Wahenga walisema ahadi ni deni. Deni lisiloandikwa ni gumu kulidai.

Asilimia hizo zina hila ya macho. Asilimia 99 yaonekana kuwa ni karibu ukamilifu. Lakini mwaka una saa 8,760, na asilimia 1 yake ni saa 87 na dakika 36, yaani zaidi ya siku tatu na nusu bila mawasiliano. Asilimia 99.5 ni saa 43 na dakika 48. Asilimia 99.9 ni saa 8 na dakika 46 hivi. Tarakimu moja baada ya nukta inaweza kuwa tofauti baina ya usumbufu na hasara.

Aidha, tusome fidia yenyewe. Kwa kawaida kampuni hurudisha sehemu ya ada ya mwezi. Hailipi biashara uliyoipoteza. Mwenye duka aliyekosa wateja siku nzima ya sikukuu atapunguziwa sehemu ndogo ya ada, basi. Faida kubwa ya ahadi haimo katika fidia. Imo katika foleni ya matengenezo: waya ukikatwa na tingatinga la watengeneza barabara, mafundi huanza na wale ambao kampuni inadaiwa nao kwa maandishi.

Kuna pia mambo ambayo ahadi haiwezi kuyatibu. Umeme ukikatika nyumbani kwako, faiba ya kutengwa na faiba ya mtaa huzimika pamoja, kwa sababu ruta imezimika. Ruta na kisanduku chake cha faiba kwa pamoja hula kama wati 20. Betri ndogo ya volti 12 na ampea 7 kwa saa, yenye kifaa cha kuiunganisha, yaweza kuviweka hai kama saa tatu. Mtu anayelalamikia kampuni ya intaneti huku hana betri hiyo amewasahau maadui wawili akapigana na mmoja. Vile vile, laini za redio za masafa ya juu na za setilaiti hudhoofishwa na mvua kubwa, na sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria twaijua mvua hiyo vizuri.

FUNZO LA MEI 2024

Nchi yetu haina pwani. Intaneti inayotujia hupita katika nyaya za chini ya bahari, kisha hupanda nchi kavu kupitia Kenya au Tanzania na kuingia katika mipaka yetu kama Malaba, Busia na Mutukula. Waya wa SEACOM na ule wa TEAMS ulianza kazi mwaka 2009, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Nyaya hizo ndizo zilizotutoa katika utumwa wa setilaiti za mbali.

Februari 2024 nyaya kadhaa, SEACOM ukiwamo, ziliharibika katika Bahari ya Sham, eneo ambalo lilikuwa katika vita. Njia ya kaskazini ikawa imedhoofika. Kisha tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zikakatika kwa pamoja katika bahari ya Afrika Kusini. Intaneti ikadorora Uganda, Kenya, Tanzania na nchi nyingine za ukanda huu. Siku hiyo mwenye laini ya biashara na mwenye laini ya nyumbani waliumia pamoja, ikiwa kampuni zao zilitegemea nyaya hizo hizo. Waliopata nafuu ni wale ambao kampuni zao zilikuwa na njia nyingine ya kupitishia mizigo yao.

Askari hahitaji kufundishwa maana ya jambo hili. Kamanda mwenye njia moja tu ya kupelekea chakula na risasi kwa vikosi vyake, hata njia hiyo ikiwa ya lami, ni kamanda aliye hatarini. Njia mbili za vumbi zinazopita mabonde tofauti zaweza kumfaa zaidi. Intaneti nayo ina kanuni hiyo hiyo, na hesabu yake tunaweza kuifanya hapa.

HESABU YA GHARAMA

Tarakimu zifuatazo ni za mfano wa hesabu tu, wala si bei ya kampuni yoyote. Tuseme laini ya nyumbani ni shilingi 120,000 kwa mwezi, na laini ya biashara ni shilingi 600,000. Tofauti ni shilingi 480,000. Tuseme tena kwamba sehemu ya kazi hufunguliwa saa 312 kwa mwezi, yaani saa 12 kwa siku 26. Kwamba laini ya nyumbani hukatika saa 10 kati ya hizo. Na kwamba ya biashara hukatika saa 1.

Mtu wa kwanza ni mstaafu mwenye duka la kupiga chapa. Saa moja bila intaneti humpotezea faida ya shilingi 5,000. Akihamia laini ya biashara ataokoa saa 9, yaani shilingi 45,000, kwa kulipa shilingi 480,000 zaidi. Mstaafu huyu asiguse laini ya biashara, hata ikipambwa kwa maneno gani. Atumie ile ya nyumbani, kama mkataba unaruhusu, na siku inapokatika awashe intaneti ya simu yake kwa kifurushi kidogo.

Mtu wa pili ni mwenye ofisi ya mahesabu yenye wafanyakazi 15. Saa moja bila intaneti humgharimu shilingi 80,000. Kuokoa saa 9 ni kuokoa shilingi 720,000. Akitoa ile nyongeza ya 480,000, bado anabakiwa na shilingi 240,000 kila mwezi. Huyu akiendelea na laini moja ya nyumbani kwa kudhani anabana matumizi, anajiibia mwenyewe.

Lakini iko njia ya tatu, nayo wengi hawaifikirii. Ofisi hiyo ikinunua laini mbili za nyumbani kutoka kampuni mbili zinazopita njia tofauti, italipa shilingi 240,000. Ikiwa kila moja hukatika saa 10 kati ya 312, na kukatika kwa moja hakuhusiani na kukatika kwa nyingine, basi zote mbili zitakuwa zimekufa pamoja kwa wastani wa dakika 19 tu kwa mwezi. Ni muda mdogo kuliko ile saa 1 ya laini ya gharama kubwa. Sharti lake ni moja, nalo ni zito: njia ziwe tofauti kweli. Laini mbili zilizofungwa katika nguzo moja, zilizochimbiwa mtaro mmoja au zinazotegemea umeme mmoja usio na betri, ni laini moja yenye bili mbili. Faiba pamoja na mnara wa simu ni jozi nzuri, maadamu mnara huo haulishwi na faiba ile ile.

Katika hesabu zote tukumbuke kodi. Kuanzia Julai 2018 tulilipa shilingi 200 kwa siku ili kutumia mitandao ya kijamii. Julai 2021 tozo hiyo ikaondolewa na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya data za intaneti, mbali na VAT ya asilimia 18. Bei ya laini ya biashara huenda ikatajwa kabla ya VAT, au kwa dola. Linganisha bei zilizokwisha kutiwa kodi zote, kwa shilingi, pamoja na gharama ya kufungiwa na ya ruta. Mali bila daftari huisha bila habari.

BEI HAINUNUI USIRI

Ni wajibu kuongeza neno moja kwa maofisa na askari. Laini ya biashara si laini ya siri. Bei kubwa hununua kasi, ahadi na pengine anwani ya kudumu ya intaneti, ambayo humfaa mwenye kuendesha seva yake mwenyewe; haihalalishi kupitisha mambo ya kikosi au ya upelelezi nje ya njia zilizowekwa rasmi. Na kwa laini yoyote, ya nyumbani au ya duka, nenosiri lililokuja na ruta libadilishwe siku ile ile inapofungwa. Mwenye duka awatenge wateja wanaotumia Wi-Fi yake na kompyuta anayowekea mahesabu.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Basi, ndugu askari, mchuuzi anapokuja na karatasi zake nzuri, muulize haya. Laini ni ya kugawana au ya kutengwa? Kasi ya kutuma ni ngapi? Ahadi ya uimara ni asilimia ngapi, na imeandikwa ukurasa gani? Fundi atafika baada ya saa ngapi, usiku na Jumapili zikiwamo? Data zikifika kiasi fulani, kasi hupunguzwa? Mkataba ni wa miezi mingapi, na nikipewa uhamisho kwenda kituo kingine itakuwaje? Swali hili la mwisho ni la askari hasa, kwani wengine hukaa mahali pamoja miaka 20, nasi twaweza kuhamishwa kabla mkataba wa miezi 24 haujafika nusu. Kwa sababu hiyo, kwa nyumba nyingi za askari mkataba wa mwezi kwa mwezi, hata ukiwa ghali kidogo, hugeuka kuwa wa bei nafuu.

Kisha kaa chini, uchukue kalamu, ujibu swali ambalo mchuuzi hawezi kukujibia: saa moja bila intaneti yanigharimu shilingi ngapi? Jibu likiwa dogo, laini ya nyumbani yatosha na fedha iliyobaki ilipie karo. Jibu likiwa kubwa, tafuta njia mbili zilizo tofauti, au ununue ahadi iliyoandikwa. Kiinua mgongo ni jasho la miaka mingi ya utumishi. Hakistahili kuliwa na neno moja zuri lililochapishwa juu ya mkataba.